Ajuaye Jina Lako Si Lazima Awe Jamaa Yako

Na Katibu wa Chama



Msimu unakaribia. Majamvi yanasukwa, kamba zinatazamwa, na kila mwenye shamba huamka asubuhi akaenda kuangalia mikarafuu yake imebeba namna gani. Kwa desturi, katika toleo la wakati kama huu huandika juu ya kuanika vizuri, juu ya kutochanganya makonyo na karafuu, na juu ya wachumaji wanaovunja matawi. Mambo hayo tutayazungumza toleo lijalo, Inshallah. Leo nataka kuwaeleza habari ya mwizi ambaye hatumii ngazi wala panga. Hupiga simu, akakuita kwa majina yako matatu, akakuuliza hali ya watoto, na kabla hujamaliza kumjibu fedha zako zimekwisha ondoka.

Khabari zake tulikuwa tukizisikia siku nyingi, na wengine wetu tukizicheka. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Safari niliyokwenda bara mwezi wa Juni ndiyo iliyonifumbua macho, na mwisho wa maneno haya mtaona kwamba ilinibidi pia niombe radhi.

SAFARI YA BUHA

Dada yangu ameolewa na mwalimu wa Kasulu, katika Mkoa wa Kigoma, na ilikuwa miaka sita hatujaonana. Kamati ikanipa ruhusa. Nilivuka kwa boti mpaka Dar es Salaam, nikapanda gari la moshi la Reli ya Kati, ile iliyofika Kigoma tangu mwaka 1914, kisha nikachukua basi la kupanda milimani.

Nchi ya Buha iko juu, wala haifanani na ufuko wa Ziwa Tanganyika ulio chini yake. Asubuhi kuna baridi ya kweli, nami niliazima koti la shemeji. Kila mahali ni migomba, maharage, mihogo na mahindi, na penye nafasi kahawa. Watu wake ni Waha, na jambo lililonipendeza kwao kupita yote ni salamu. Wawili wakikutana njiani husimama, wakapiga makofi taratibu, wakasema "Mwakeye," kisha wakaulizana habari za mzee, za mama, za mtoto aliyekuwa na homa na za ng'ombe aliyepotea. Hawana haraka. Mwanzoni nilidhani wanapoteza wakati. Baadaye nilifahamu kwamba katika salamu hizo mtu humtambua mwenziwe, kwani mgeni anayejifanya mwenyeji hawezi kufika mbali katika maswali yale.

Siku ya nne shemeji akaniambia, "Twende Kibondo ukamsalimie mama. Hajisikii vizuri tangu aibiwe." Tukaondoka alfajiri.

BIBI HUYU HAKUWA MJINGA

Mama yake shemeji ni mtu mzima wa miaka zaidi ya sabini, mkulima wa maharage, mjane. Wengi wetu tukisikia kwamba mtu ametapeliwa kwa simu husema moyoni, "Huyo ni mjinga, au ameingiwa na tamaa." Basi nisikilizeni nieleze ilivyokuwa, kisha kila mmoja ajiulize yeye angefanya nini.

Bibi huyu alikuwa ameuza maharage yake na fedha zikaingia katika simu yake. Siku mbili baadaye, saa nne asubuhi, simu ikalia. Mpigaji akamwamkia kwa adabu, akamtaja majina yake matatu, akasema yeye ni daktari wa hospitali moja ya Dodoma. "Mama," akasema, "mjukuu wako amegongwa na pikipiki, hawezi kuzungumza. Tunahitaji kumpasua mguu sasa hivi, na dawa ya usingizi haiko hapa, lazima inunuliwe nje."

Bibi hakutuma kitu. Alimhoji. Akamuuliza, "Mjukuu gani?" Mpigaji akamtaja kijana kwa jina. "Anafanya nini huko Dodoma?" Akajibu kwamba anasoma chuo, mwaka wa pili, na akataja anachosoma. "Namba yangu umeipata wapi?" Akajibu, "Kijana mwenyewe aliitaja kabla hajazimia, akasema wewe ndiye uliyemlipia ada kwa maharage." Na kweli ndiye aliyemlipia.

Hata hapo bibi hakutosheka. Akakata simu, akampigia mjukuu wake kwa namba yake anayoijua siku zote. Simu haikupatikana. Akapiga tena, haikupatikana. Basi moyo ukampasuka. Akakimbia kwa wakala, akatuma shilingi 420,000, karibu yote aliyokuwa nayo. Wakala alipoona jina la mpokeaji ni la mwanamke akamuuliza, "Bibi, huyu unamfahamu?" Lakini mpigaji alikuwa amekwisha jitayarisha kwa hilo pia, kwani alisema mapema, "Litatokea jina la mhasibu wetu, usishtuke."

Saa sita mchana mjukuu akapiga simu, mzima kabisa, akiuliza habari za nyumbani. Na je, kwa nini simu yake ilikuwa imezimwa? Asubuhi ile alipigiwa na mtu aliyejitambulisha kuwa fundi wa kampuni ya simu. Mtu huyo alimtaja kwa jina, akamwambia kuna matengenezo ya mtandao, na kwamba asipozima simu yake kwa saa mbili laini itaharibika. Kijana akazima. Ni mtu mmoja, au genge moja, lililowapigia wote wawili: mmoja kumnyamazisha, wa pili kumlia.

Tazameni, wanachama wenzangu. Bibi huyu alifanya kila alilofundishwa. Alimhoji mgeni, na akajaribu kuhakikisha. Kilichomponza ni kwamba maswali yote aliyouliza yalikuwa na majibu yaliyokwisha andikwa mahali fulani, na mwizi alikuwa ameyasoma.

MAJIBU YALIANDIKWA WAPI?

Mimi na shemeji tulikaa jioni ile, tukafuatilia jambo hili kama mtu anayefuata nyayo za mbuzi. Mwizi hakupatikana, wala sitamtuhumu mtu. Lakini tulihesabu mahali ambapo habari za bibi zilikuwa wazi kwa kila mpita njia.

Kwanza, ghalani alikouzia maharage palikuwa na karatasi iliyobandikwa ukutani. Ilikuwa na jina la kila muuzaji, kijiji chake, namba yake ya simu, kilo alizoleta na fedha anazodai. Waliibandika kwa nia njema, ili mtu ajionee hesabu yake asidhulumiwe.

Pili, ada ya kijana ilichangwa na jamaa. Orodha ya michango ikatumwa katika kundi la simu lenye watu zaidi ya mia mbili: jina la kijana, chuo chake, mwaka wake, na kila aliyetoa pamoja na kiasi alichotoa. Jina la bibi lilikuwa la juu kabisa, na mbele yake wameandika "Bibi yake mzazi, Kibondo." Hilo lilikuwa la kumpa heshima. Lakini katika watu mia mbili, nani anawajua wote?

Tatu, kuna daftari la wakala wa fedha. Tuliporudi Kasulu shemeji alinipeleka kwa kijana mmoja mwenye kibanda cha uwakala, mtu mwaminifu na mcheshi. Juu ya meza yake kulikuwa na daftari, na kila mteja huandika mwenyewe jina, namba na kiasi. Nilipoinama kuandika nilisoma, pasipo kukusudia, majina ya watu ishirini walionitangulia na fedha zao.

Kisha kijana yule akanionyesha jambo lililonitia baridi kuliko ile ya asubuhi. Hakunijua hata jina. Akasema, "Nitajie namba yako tu." Nikamtajia. Akashika simu yake, akafanya kama anayetaka kunitumia shilingi elfu moja. Kabla ya kutia namba ya siri, simu ikamuuliza kama ana hakika ya kumtumia fulani bin fulani, na majina yangu yote yakatokeza wazi. Akafuta, hakutuma kitu wala hakutoa senti moja. Akacheka, akaniita kwa jina langu, "Karibu Kasulu."

Utaratibu huo uliwekwa kutuhifadhi, ili mtu asikosee akatuma fedha kwa asiyekusudiwa, nao ni mzuri. Lakini maana yake ni kwamba yeyote mwenye namba yako anaweza kulijua jina lako kwa nusu dakika. Kwa hiyo mpigaji akikutaja kwa majina yako matatu, usiseme "Huyu ananijua." Amejua kilichoandikwa, basi.

NAMBA YA ZAMANI NA NAMBA YA SASA

Bibi alitupa habari nyingine iliyonikaa sana. Marehemu mumewe alikuwa manamba. Wazee wetu wanalijua neno hilo. Kutoka Kasulu na Kibondo vijana wengi walikuwa wakichukuliwa kwenda kukata mkonge Tanga, na chama cha wenye mashamba kilichowaandikisha, kilichoanzishwa mwaka 1944, kikijulikana kwa jina la SILABU. Mtu aliitwa kwa namba, na siku zake za kazi zikatiwa katika kipande.

"Ilikuwa kazi ya dhiki," bibi akasema, "lakini mtu hakuweza kula mshahara wa mume wangu kwa kuitaja namba yake tu. Ilibidi asimame mbele ya karani aonekane uso."

Leo, ndugu zangu, sote tumekuwa watu wa namba. Tuna namba ya kitambulisho, namba ya simu, na namba katika daftari la chama. Wakulima wa bara wanaonunua mbolea ya ruzuku, mpango uliorudi mwaka 2022, wameandikishwa kwa majina, mashamba na namba za simu. Tangu tarehe 20 Januari 2020 laini zilizokuwa hazijasajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Mambo hayo yana faida yake, na hatuwezi kurudi nyuma. Ila zamani namba ilikuwa na uso, na sasa uso umeondoka, namba imebaki peke yake. Kazi ya kuutafuta uso imekuwa juu yetu.

Huko Kasulu na Kibondo wapo waliopata mtihani mkubwa kuliko huu. Kambi ya Nyarugusu, Wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi waliotoka Kongo, na Nduta, Wilaya ya Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 kwa Warundi. Mkimbizi habari zake zote zimo katika mafaili ya watu wengine, na maisha yake yanangoja jibu la faili hilo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi limetangaza mara nyingi, katika nchi nyingi, kwamba huduma zake haziuzwi, na kwamba anayemtoza mkimbizi fedha ili amsogezee safari ya kuhamia nchi nyingine ni tapeli. Wanaotangaziwa hivyo si wapumbavu. Ni watu wanaongoja, na mwenye kungoja ni rahisi kumpata. Mkulima anayengoja malipo ya mazao yake naye anangoja vile vile.

WIZI HUU UMEENEA

Msije mkadhani ni jambo la Buha peke yake. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania hutoa taarifa kila robo ya mwaka, na ndani yake huhesabu majaribio ya utapeli kwa simu mkoa kwa mkoa. Mikoa ya Rukwa na Morogoro imetajwa mara nyingi kuwa mbele kwa simu za namna hiyo. Hii si kusema watu wa mikoa hiyo ni wezi. Wengi wao ni wakulima kama sisi, na wanaona haya kwa jina baya walilotiwa na wachache. Jirani zetu wa Kenya nao wana habari zao, na watu wengi huko wamepigiwa simu za utapeli kutoka ndani ya gereza la Kamiti, na wapigaji ni wafungwa.

Maneno yao sote tunayajua. Mmoja huandika, "Ile fedha tuma kwa namba hii," akitumaini kwamba miongoni mwa watu mia atampata mmoja anayedaiwa kodi ya nyumba. Mwingine husema, "Nimekutumia fedha kwa makosa, nirudishie." Mwingine anajifanya mwalimu wa skuli, mtoto wako ameanguka. Hao hutupa ndoana baharini bila ya kujua samaki yuko wapi. Lakini huyu ninayemweleza leo ni hatari zaidi, kwani anakuja na chambo alichokitengeneza kwa ajili yako peke yako.

KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Sasa nafika kwenye maneno yaliyo mazito kwangu.

Msimu uliopita mwanachama mwenzetu mmoja alipigiwa simu. Mpigaji akajiita karani wa malipo. Akamtajia jina, shehia, na uzito wa karafuu alizouza, kilo kwa kilo bila ya kukosea. Akamwambia hesabu yake ilipunjwa, kuna fedha za nyongeza, ila kwanza athibitishe laini yake kwa kutia namba ya siri. Mzee akaitia. Fedha zake za wachumaji zikaondoka zote, na ikambidi auze ng'ombe ili awalipe watu waliokuwa wamekwisha chuma.

Jambo hilo lilipoletwa mkutanoni nilisimama mimi, Katibu wenu, nikasema kwamba tamaa mbele, mauti nyuma. Watu wakacheka. Mzee akainama, na tangu siku ile hakuhudhuria mkutano hata mmoja.

Nilipokuwa Kibondo nikitazama ile karatasi ya maharage ukutani, nilitambua mwandiko. Si kwamba niliiandika mimi, lakini ilikuwa sawa sawa na ile yangu. Katika ofisi ya chama chetu, kando ya mlango, nilikuwa nimebandika orodha yenye jina la kila mwanachama, shehia yake, idadi ya mikarafuu yake, kilo alizouza na namba ya simu. Niliipigia mstari kwa rula, kwa wino mweusi na mwekundu, nami nikajivunia unadhifu wake. Mtu yeyote aliyeingia kuomba maji ya kunywa aliweza kuipiga picha. Na wageni wakati wa msimu ni wengi.

Sina ushahidi kwamba mwizi aliisoma pale. Lakini kila alichokijua kilikuwa pale, na kilo zile sijui pahala pengine zilipokuwa zimeandikwa pamoja na namba ya simu. Basi nilimcheka mzee kwa mlango ambao huenda niliuacha wazi mwenyewe.

Tulipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba amana si fedha tu. Neno la mtu ni amana, na siri yake ni amana. Mwanachama anaponipa namba yake ili nimwite mkutanoni, amenipa kwa ajili ya mkutano, si kwa ajili ya ukuta. Sheria ya nchi nayo sasa inasema hivyo hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya habari za watu azitumie kwa lile alilozikusanyia, na azihifadhi zisimfikie asiyehusika. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu tapeli. Lakini sheria humfuata mwizi baada ya kuiba, na mara nyingi hamfikii.

TUFANYE NINI?

Kwanza nitasema ya nyumbani, kisha ya chama.

Usimpime mpigaji kwa anachokijua. Hata akitaja jina la marehemu babu yako, mpime kwa anachokitaka. Akitaka fedha, au namba ya siri, au tarakimu zilizoletwa katika simu yako, au akitaka ubonyeze kitu chochote wakati anazungumza, basi kata simu. Si utovu wa adabu. Jamaa wa kweli atapiga tena, wala hatakasirika.

Ukikata, usiurudishie wito namba ile ile iliyokupigia. Mpigie mhusika kwa namba unayoijua. Na asipopatikana, usichukulie kuwa ndio uthibitisho, kwani hapo ndipo bibi wa Kibondo aliponaswa. Tafuta mtu wa tatu: rafiki anayelala naye chumba kimoja, mwalimu wake, jirani. Hospitali ya kweli ina mlango na wauguzi, na mtu anaweza kutumwa kwenda kutazama.

Kuweni na swali la nyumbani ambalo jibu lake halikuandikwa popote. Bibi yule sasa analo. Mjukuu wake alipokuwa mdogo babu yake alimpachika jina la kumtania, la Kiha, wanalolijua watu watano tu. Akipiga mtu na kudai fedha kwa ajili ya kijana, bibi huuliza, "Babu alimwitaje?" Nilimwomba aniambie jina lenyewe. Akakataa, na mimi nikafurahi kwamba amekataa.

Ukiambiwa uzime simu kwa ajili ya matengenezo, usizime. Na simu yako ikikosa mtandao ghafla kwa muda mrefu hali ya jirani wa kampuni hiyo hiyo inafanya kazi, nenda upesi kwenye duka la kampuni yako, kwani yawezekana mtu mwingine ameihamisha laini yako kwa kutumia habari zako.

Namba ya siri haiulizwi na karani wala na kampuni, na hata Katibu wenu hana ruhusa ya kuijua. Kampuni za simu zimeelezwa zitumie namba 100 kuwahudumia wateja. Anayekupigia kwa namba ya kawaida na kujiita huduma kwa wateja, mwache.

Kila mmoja apige *106# na kuangalia ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Ukikuta usiyoijua, nenda ukaiondoshe, kwani ikitumika kuibia watu, jina litakaloonekana ni lako.

Ukipokea simu au ujumbe wa utapeli, andika neno UTAPELI, ulipeleke namba 15040, kisha fuata maelezo utakayoletewa na uitaje namba ya mwizi. Na kama fedha zimekwisha kwenda, usikae kitako kwa kuona haya. Piga 100 saa ile ile, kwani fedha ikiwa haijatolewa huenda ikazuiliwa. Usifute ujumbe hata mmoja, kisha nenda polisi.

Haya ndiyo ya nyumbani. Na kwa upande wa chama, Kamati imekubali mambo manne, nayo yataletwa mkutano mkuu yathibitishwe.

Moja: orodha ya ukutani imeondolewa. Mwenye kutaka kuona hesabu yake ataonyeshwa mstari wake mwenyewe, nayo mingine itafunikwa kwa ubao. Atakayetaka kuhakikisha kwamba hesabu yote ni sawa, wakaguzi watatu waliochaguliwa na mkutano wataipitia yote kwa niaba yetu, kwani hatutaki kuficha hesabu kwa kisingizio cha kuficha namba.

Mbili: daftari la wanachama linakaa ndani ya sanduku lenye kufuli, na ufunguo uko kwa watu wawili.

Tatu: chama hakitamdai mwanachama fedha kwa simu, wala hakitamwahidi fedha kwa simu. Habari za malipo zitatolewa ofisini, uso kwa uso, au na mjumbe wa shehia yako unayemjua.

Nne: orodha za michango ya misiba na harusi zinazopita katika kundi letu la simu zitaandikwa majina bila ya namba, wala zisieleze habari za mtoto wa mtu, anasoma wapi na analipiwa na nani.

Mtasema, "Katibu amekuwa na wasiwasi." Huenda. Lakini nakumbuka wale Waha wanaosimama njiani wakapiga makofi na kuulizana habari moja baada ya moja. Mwizi wa simu hawezi kungoja salamu kama zile. Yeye kila neno lake ni "sasa hivi," "upesi," "usikate." Basi mtu akikuharakisha, hiyo peke yake ni dalili ya kutosha, hata kama mengine yote aliyoyasema ni kweli.

Niliporejea Pemba, kabla ya kufungua mizigo, nilikwenda ofisini nikaibandua ile karatasi. Ukuta umebaki na alama nyeupe. Kisha nilikwenda kwa yule mzee, nikamweleza kama nilivyowaeleza hapa, nikamtaka radhi. Alinyamaza kitambo. Akaniambia, "Radhi nimekupa. Lakini ulinicheka mbele ya watu." Nikafahamu alichokusudia. Ndiyo sababu nimeyaandika haya mbele ya watu, na mkutano ujao nitayasema kwa mdomo. Mzee ameniambia atakuja. Tunaomba na wenzake wampishe nafasi yake ya zamani, pale karibu na dirisha.

Wassalaam,
Katibu